Mche wa Sabuni

Ghorofa ya tisa, Mtaa wa Ohio, wamebandika bango:
KARIBU NA MTEJA.
Herufi za buluu, kila moja kimo cha mtoto wa chekechea.
Hiyo ndiyo dira yetu ya miaka mitano.
Tumeipigia makofi, tumekula sambusa.

Chini ya bango kuna mchoro: visanduku na mistari.
Nimejitafuta kwa kidole.
Mimi ni kisanduku cha chini, kushoto,
na mstari wangu haushuki kwenda Buza;
unapanda Nairobi, unakata kona Dubai,
unalala huko wikiendi nzima,
ndipo unabisha hodi Uholanzi.
Mstari mwingine, wa nukta nukta, unanipeleka kwa mtu wa fedha
ambaye sijawahi kumwona uso, ila saini.

Mwezi wa tatu niliandika:
watu wa Buza hawanunui mche mzima.
Fedha ya siku hununua sabuni ya siku.
Tukate vipande, tuuze mia tatu.

Barua ikapanda.
Wa bidhaa akasema hili ni suala la bei.
Wa bei akasema ni suala la nchi.
Wa nchi akasema, "Kalekwa, wazo zuri sana,"
akalirudisha kwa wa bidhaa.
Mvua za masika zikaja, zikajaza Jangwani, zikaisha;
barua bado iko njiani, inaongezewa viambatisho.

Jumamosi nilisimama dukani kwa Bi. Sikudhani.
Mtoto alikuja na sarafu mbili zilizolowa jasho.
Bi. Sikudhani hakumwuliza mtu.
Alizungusha uzi kwenye mche wetu, akavuta,
nembo yetu ikapasuka katikati ya herufi,
akafunga kipande kwa gazeti la juzi.
Jicho lililoona, mkono uliokata, kopo lililopokea pesa:
vyote chini ya kanga moja.

Nguo ya kuazima, walisema, haisitiri maungo.
Sisi tumeazima koti la nchi ya baridi,
mikono yake imefunika mpaka vidole,
halafu tunaitana kikao
kuulizana mbona hatushiki kitu.

Novemba, jibu limefika.
Wamelipokea wazo. Wamelienzi.
Wameongeza kisanduku juu yangu:
Mkuu wa Ukaribu na Mteja.
Ofisi yake, Dubai.

Nimeuchapa mchoro mpya, nimeubandika pale pale.
Kwenye droo yangu, kando ya stepla,
nimeweka uzi.