Daftari la Jikoni

Saa moja kasorobo, Turin bado giza.
Viorica anapanda ngazi, mimi nashuka.
"Amelala vizuri?"
"Tutaona."
Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya siku.
Mengine yamo daftarini.

Daftari la jalada la kijani, nililinunua mimi,
euro moja na senti tisini,
risiti nikaitunza. Mazoea ya kazi:
ofisini nakokotoa mishahara ya watu mia nne
wa kiwanda cha majokofu,
makato, likizo, saa za ziada,
naijua bei ya robo saa ya kila mmoja wao.

Usiku nalisoma nimesimama,
kijiko cha supu mkononi, viatu miguuni.

*Jumatatu. Amekula nusu. Dawa zote.*
*Jumanne. Amekataa kuoga. Halafu amekubali.*
*Jumatano. Mvua asubuhi. Amecheka mara mbili.*

Mara mbili!
Wala haandiki kilichomchekesha.
Mwaka mzima mimi sijamtoa baba hata tabasamu;
namuuliza kama amekunywa maji,
namkata kucha Jumapili
huku Jumatatu imeshaniingia kichwani.

Namlipa Viorica elfu moja na mia mbili,
na bima, na mapumziko, na mwezi wa kumi na tatu.
Sheria naijua, sijampunja.
Lakini kicheko nikiandike safu ipi?
Ni posho? Ni saa ya ziada?

Gualtiero wa mauzo anakoroga kahawa ya mashine:
"Una bahati, umepata wa kukutua mzigo."
Nikaitikia.
Neno likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Mzigo huo ulinifundisha baiskeli
kwenye maegesho ya kiwanda, Agosti, hakuna gari hata moja,
ukikimbia nyuma yangu umeshika kiti,
na ulipokiachia
haukuniambia.

Mwisho wa mwezi naacha hati ya malipo chini ya daftari.
Safari hii amewahi, ananikuta mlangoni,
anaisoma kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu.
"Mia tatu ni za Paraschiva," anasema, sikumwuliza.
"Jirani yetu kule kwetu. Anamwogesha mama."
"Naye anakuandikia?"
"Ananipigia. Dakika tatu. Ana shamba lake."

Tramu nikaikosa.
Nikarudi juu, nikachukua kalamu,
chini ya Jumatano nikaandika: *Alicheka nini?*
Nikaona aibu, nikataka kufuta,
ilikuwa wino.

Siku nzima nimegawa watu kwa saa,
nimezidisha, nimetoa.
Usiku daftari lipo pale pale, kando ya chumvi:

*Nilitoa baiskeli ya ghalani. Sijawahi kupanda.*
*Yeye amekaa uani na blanketi, ananipigia kelele, kanyaga, kanyaga!*
*Nimeanguka mara mbili.*
*Samahani, taa ya mbele imevunjika. Kata kwenye mshahara.*

Nikavuta kiti.
Nikavua viatu.
Nikaanza kusoma tangu ukurasa wa kwanza.