Kofia ya Nne

Tatu ninazo. Zimelala juu ya gunia
gerejini Isevya, chini ya bati linalovuja,
kila moja na simba wake, kasimama kwa miguu ya nyuma,
ulimi nje, kama aliyechoka kungoja abiria.

Ya nne iliruka mwaka ambao hata Mihambo haukumbuki,
na Mihambo ndiye aliyeendesha Pijo hii
akibeba mizani ya ushirika, kituo hadi kituo,
harufu ya tumbaku ikimganda kwenye kola.
"Ilianguka darajani," anasema.
Siku nyingine: "Mtoni. Daraja halikuwapo."

Nikaagiza Dar. Ikaja kwa basi, ndani ya nailoni,
nyepesi kama sahani ya shughuli,
plastiki iliyopakwa fedha, simba kafanana na mbwa.
Niliigonga kwa ukucha: ta, ta.
Ya chuma hujibu nnng,
na hukaa kidogo kabla ya kunyamaza.
Kwenye gurudumu haikushika. Nikiisukuma, inanisukuma.

Kuulizia spea ni kama kuposa,
huanzi na jina la binti.
Unaanza na mvua, na bei ya mahindi,
na muuza chuma chakavu wa Ng'ambo anakupimia kwanza
nati mbili usizozihitaji, unalipa,
ndipo anakumbuka kwamba kule Urambo,
kwa mjane wa Kapaya,
kuna kuku wanaonywea kitu kinachong'aa.

Bi Nyamizi alikuwa akitundika majani banini.
"Mwangaluka." Tukasalimiana mpaka salamu zikatuishia.
Kisha nikamwona: chali, maji ya tope usoni,
tetea mwekundu kamkanyaga shingoni,
akinywa, akiinua mdomo mbinguni, akinywa tena.

"Hiyo siuzi. Mume wangu aliiokota korongoni
siku aliyonunua baiskeli.
Alisema, leo nimepata magurudumu mawili na nusu."
Akacheka. Sikujua kama nicheke.
Nikatoa elfu kumi. Akawatazama kuku.
Nikatoa kumi na tano.
"Na hawa watanywea nini?"
Hilo sikuwa nimelipigia hesabu.

Sasa kazi.
Chini yake mfuko wa mchanga, mkononi nyundo ya mninga,
kwa sababu chuma kikipigwa na chuma kinaweka kinyongo.
Bonde baada ya bonde, ukingoni kwenda kati,
nikisikiliza zaidi ya kutazama.
Usiku mzima kwenye siki; kutu ikatoka
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Msasa wa maji: mia nne, mia nane, elfu na mia tano,
mpaka vidole vyangu navyo vikapoteza alama.

Mwanza wangeichovya kromu mpya.
Nikapiga hesabu ya nauli, ya kungoja,
kisha nikaziangalia zile tatu, zilivyofifia kwa vumbi la Kaliua:
mpya ingekaa kama bwana harusi kwenye foleni ya zahanati.
Nikapaka nta ya nyuki wa Sikonge,
nikasugua kwa kipande cha kanga, na simba akatoka
polepole, sikio, mkia,
ulimi.
Shavuni ana vidoa vitatu vya midomo ya kuku.
Msasa ungeviondoa. Sikuupeleka pale.

Ile ya plastiki nilimpa kondakta ampelekee Bi Nyamizi.
Jumapili akapiga simu: haishiki joto,
maji yanakaa baridi mpaka adhuhuri,
ila jogoo kila asubuhi anagombana na yule mbwa.

Jana kaja Mihambo, na fimbo yake.
Akaigonga ya nne kwa ukucha,
akasubiri mpaka sauti ikaisha yote.
"Korongoni," akasema. "Nimekumbuka."
Sikuwa nimemwambia.

Gari bado haliwaki.
Kabureta iko mezani, vipande kumi na saba,
na kimoja, nina hakika, si chake.