Nambari Arobaini na Saba

Katalogi inaiita "Mabwawa ya Chumvi, Asubuhi".
Yeye hakuipa jina.
Mimi mchukuzi wa hapa mnadani Hobart,
niliyeivulia fremu kwa glovu nyeupe,
nimeuona mgongo wake, penseli imefifia:
*mkate, wiki sita, kwa Madamu Kerdoncuff.*

Winifred Tasker aliondoka hapa
na sanduku la rangi na barua ya mjomba.
Akakaa Bretania miaka thelathini na mmoja.
Waliomzaa wakasema kapotea,
waliompokea wakamwita "yule Mwingereza",
naye Uingereza aliijua bandarini tu,
akingoja meli nyingine.

Sogea. Pale angani, upande wa kulia,
pana punje ya mchanga;
upepo uliirusha rangi ikiwa mbichi,
akaiacha.
Siku hiyo vidole vilikufa ganzi, nadhani,
maana mistari ya chini inatetemeka
kama maandishi ya mtu garini.

Maonyesho mawili maisha yake yote.
Gazeti moja likasifu kofia yake.

"Ishirini na tano elfu! Nani ataongeza?"
Kibao kinainuka. Simu inanong'ona.
Dalali ananyosha shingo kama bata.
"Thelathini na nane... mara ya mwisho..."
Nyundo.

Wanapiga makofi, sijui wanampigia nani.
Naigeuza niifunge kwa karatasi,
na chini ya ule mkate, kwa wino,
mwandiko mwingine, mnene, wa mtu wa haraka:
*Bado siagi.*