Futi Kumi na Nane

Kanisa letu la Moraviani, Ntokela, lilihitaji choo.
Baraza likapitisha futi thelathini,
Gwakisa akashuka na sururu fupi,
mimi nikashika kamba.

Udongo mweusi kwanza, ule unaolisha viazi.
Kisha majivu. Kisha, futi ya sita,
mawe mepesi kama andazi la juzi,
yale tunayosugulia visigino mtoni
bila kuyauliza yalitoka wapi.

Dada yangu Subilaga, amekuja likizo
na shahada ya miamba na nyundo ndogo mkobani,
alitia moja kwenye ndoo ya maji. Likaelea.
"Rungwe ulitapika hili,"
akaelekeza kidevu kwenye ukungu, mahali mlima ulipo siku zote.
"Miaka elfu nne, ikipungua au ikizidi."

Baba akatabasamu.
Baba, Mwinjilisti Ambakisye, ujanani
alijumlisha umri wa wazee wote wa Mwanzo
kwenye daftari la ushirika wa pareto,
Adamu hadi Nuhu, Nuhu hadi Ibrahimu, safu kwa safu,
akapata elfu sita na ushei.
Elfu nne ilienea humo, na chenji ikabaki.
"Unaona," alimwambia mwanawe, "hatugombani."
Akatuagizia chai.

Futi ya kumi, udongo mwekundu.
Kumi na mbili, majivu tena, rangi ya panya.
Kisha mfinyanzi, kisha mawe mengine mepesi,
na Gwakisa huko chini akitangaza kila rangi
kama karani anayeita majina siku ya mshahara.
Futi ya kumi na nane akanyamaza.

Ndoo ilikuja na kipande cha mkaa.
Mkaa wa mti mzima, si wa jikoni:
duara zake bado zinahesabika.
Nilifika arobaini na moja, nikakosea.
Mti ulisimama hapa, ukanenepa masika kwa masika,
kabla ya udongo wote tuliokwisha kuutoa.

"Na huu?" baba aliuliza.
Subilaga alifuta nyundo kwa upindo wa kitenge.
"Siwezi kusema bila kupima."
"Kisia."
"Daftari lako halitoshi, baba."

Hakukemea. Afadhali angekemea.
Alisema tu, "Shimo limetosha. Gwakisa apande."

Usiku niliona mwanga wa tochi nyuma ya kanisa.
Alikuwa amepiga magoti ukingoni. Nilidhani anaomba,
kumbe anamulika kuta,
taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayesoma,
kisha kutoka chini kuja juu.
Midomo yake ilikuwa inatembea.
Labda alikuwa anajumlisha upya. Labda alikuwa anaomba kweli.
Sikusogea. Mwana hamuulizi baba aliyepiga magoti.

Alfajiri alimwamsha Gwakisa yeye mwenyewe:
"Teremka. Choo kifupi hujaa upesi, na washarika ni wengi."
Subilaga alicheka hadi akakaa chini.
Baba hakucheka. Aliomba kile kipande cha mkaa,
akakifunga kwenye leso,
akakitia mfukoni mwa koti la ibada.

Jumapili alisoma sura ya kwanza.
Sauti yake naijua: haisimami popote
hadi siku ya saba, kama ng'ombe anayelijua zizi.
Safari hii, alipomaliza jioni ya kwanza na asubuhi yake,
alisimama.

Mtoto akakohoa. Mtunza hazina akatazama saa.
Mvua ikaanza juu ya bati, ikapungua, ikaanza tena.
Mkono wa baba ulikuwa mfukoni.

Kisha akasema, "Siku moja,"
kama mtu anayetua mzigo
ili abadilishe bega.

Pembeni yangu Subilaga alikuwa ameinamisha kichwa,
kucha zimejaa udongo wa futi ya ishirini na tano.
Gwakisa anasema huko chini bado ni laini.