Dirisha la Chanjo, Duluth

Theluji imeganda kwenye viatu vya Orville Tveit.
Anataka sindano mbili: ya mafua na ya mkanda wa jeshi.
Naingiza namba. Mafua yanapita,
bima ya serikali inalipa bila kukohoa.
Mkanda wa jeshi unarudi:
IMEKATALIWA. JARIBU MPANGO WA DAWA.

"Kwani serikali si moja?"
Ni moja, mzee, ila ina mifuko miwili,
na mkono wa kushoto haujui wa kulia umeshika nini.

Anapekua pochi. Risiti ya chambo, leseni, kadi ya kijani.
Naingiza. Skrini inafikiri. Foleni inakohoa.
BIMA ILIKOMA TAREHE TATU MACHI.

Nasoma jina kwenye kadi: Ardis.

Simwambii mashine imesema nini.
"Siyo hii," nasema. "Tafuta nyingine, hatuna haraka,"
ingawa simu mbili zinalia
na Kirsten ananionyesha saa.

Anaifuta kwa kidole gumba,
anairudisha palepale, mbele ya yake.
Yake ilikuwa nyuma, imenatia.

IMELIPWA. MTEJA ADAIWE: SIFURI.

Anakunja shati, upande wa kushoto.
"Choma huu," anasema.
"Siku hizi usiku hauna kazi."