Milango ya Nyuma

Waongoza wageni wengine huinua vibendera.
Bwana Muta aliinua koleo,
koleo la barafu, la chuma, meno yamelika,
akasema: "Mkinipoteza, tafuteni hili juu ya vichwa."
Tulikuwa sita. Mimi nilitoka Saga kwa treni ya saa kumi na moja,
mikono bado inanuka dawa za wodini.

Juu ya Daraja la Haruyoshi taa zilikwisha kumwagika mtoni,
nyekundu ya baa, kijani cha duka la dawa,
manjano ya bango la bia likikatika na kuungana tena
kila ilipopita mashua ya matembezi na mpiga tarumbeta wake.
Sisi tulitoa simu. Yeye akatazama maji.
"Sasa yanapanda," alisema. "Bahari imekuja kudai chake.
Mto wa Nakasu hauna adabu, huenda pande zote mbili."

Tulitaka milango ya mbele,
ile yenye mazulia na vijana wa suti wanaoinama.
Akatuingiza uchochoroni
bega kwa bega na mapipa, mabomba, paka wa kijivu,
na mpishi aliyechuchumaa akimalizia kipisi cha sigara.
"Miaka thelathini na minne nimeleta barafu hapa.
Huku ndiko nikujuako. Kule mbele mniongoze ninyi."

Nyumba njema si mlango, sawa.
Lakini mlango upi?

Akatusomea mtaa kwa kilo.
Hapa, kilo arobaini kwa usiku,
enzi ambazo pesa ilikuwa haina pa kulala.
Pale, ghorofa ya tatu, ngazi kumi na tisa,
ya mwisho imevunjika tangu kimbunga;
mwenye baa alitaka mabonge ya mviringo, meupe kwa ndani kama hewa,
akiona ukungu kidogo tu anarudisha.
Na mlango huu wa buluu: kilo tano, si zaidi,
na chai ya shayiri kila mara, katika kikombe chenye ufa.

Mlango wa buluu ukafunguka.
Mama mmoja, nywele zimesukwa juu kama mnara, kandambili miguuni,
akamwaga ndoo ya maji, akatuona, akaliona koleo.
"Barafu!" akamwita. Si jina lake, kazi yake.
"Umechelewa miaka sita."
"Mashine yako ilinifukuza."
"Mashine haijui kubisha hodi."

Bwana Muta, mwenye jibu la kila swali,
alilishusha koleo, akalifungua, akalifunga.
Likauma hewa.

Baadaye tulikula vibandani, ukingoni mwa mto,
magoti yakigusana na ya watu tusiowajua:
tambi za mchuzi mweupe wa mifupa,
mayai ya samaki yaliyokolea pilipili,
mvuke ukitupofusha sisi wenye miwani.
Mwanafunzi wa Nagasaki akauliza, mdomo umejaa,
kwa nini mzee asipumzike nyumbani.
"Mtu hawezi kwenda bure," alijibu,
"kwenye mlango aliokuwa akiupelekea kitu.
Sasa nawapeleka ninyi."
Tukacheka, kisha tukaacha, mmoja mmoja.

Karibu na saa sita tulirudi darajani.
Maji yalikuwa yanashuka, yameshiba taa.
Alinipa koleo nimshikie afunge kamba ya kiatu.
Zito! Baridi kuliko usiku wenyewe.
Nikaliinua, sijui kwa nini,
na wale wanne wakaanza kunifuata,
wakipiga soga, wakiamini,
mpaka ng'ambo, mpaka kwenye kituo cha treni.

Nilipogeuka hakuwa ameinama tena.
Hakuwapo.
Nikasimama na koleo la watu mkononi, treni yangu ikinisubiri dakika nne,
na toka uchochoroni, chini ya tarumbeta,
nikadhani nasikia vidole vikigonga ubao,
mara tatu,
vidole vitupu.