Namba ya Kuzima

Shemeji alilileta kutoka Kigali ndani ya soksi,
jicho jeupe, dogo kuliko yai la bata,
akalitundika barazani kwetu, Himbi, likitazama ua.
"Halioni sura," alisema. "Linaona joto.
Chochote chenye damu kikipita, litalia."
Kibao cha kulizima akakigongomea kando ya kitanda,
akanichagulia tarakimu nne:
mwaka ule lava iliposhuka mjini.
Hiyo, alisema, hutaisahau.

Usiku wa kwanza lililia: paka wa Kahindo.
Wa pili, popo.
Wa nne, mama mkwe, saa tisa, akienda msalani na tochi mdomoni.
Aliketi chini papo hapo, mikono kichwani,
akaungama mambo ambayo hakuna aliyemuuliza.

Kisha likaanza kulia hata pasipo damu.
Mlima ukikohoa, ardhi ikijinyoosha chini ya sakafu
(sisi hatuamki tena, vikombe ndivyo hutuambia)
lenyewe hupiga yowe kama lililokanyagwa.
Nami gizani, kitenge kifuani,
nabonyeza mwaka wa moto
ili nyumba inyamaze.

Polisi walikuja mara mbili.
Mara ya kwanza watatu juu ya pikipiki moja,
petroli ya kuja nikalipa mimi, na ya kurudi.
Brigadia Lusenge alizunguka, akamulika pipa, akamulika vitunguu,
akaandika katika daftari la shule
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni:
*Mshukiwa: pazia la mlango. Msaidizi wake: upepo.*
Hakucheka. Alikuwa na usingizi machoni
na tundu kwenye buti la kushoto.
Mara ya pili alikunywa chai.
Mara ya tatu alijibu kwa simu tu:
"Mama Sifa, muulize kwanza mjusi. Akikana, nipigie."

Kabla ya jicho, barabara yetu ilikuwa na sufuria.
Mmoja akipiga, jirani anapokea,
kutoka kwa fundi wa chukudu hadi kwa mjane wa mkaa,
mpaka mtaa mzima unachemka bila moto
na wanaume wanatoka na nyundo, na kandambili za wake zao.
Sikumbuki sufuria iliyowahi kumpigia paka.

Alhamisi ile kulikuwa na mvua.
Jicho likalia.
Sikufumbua hata moja kati ya yangu mawili.
Nilinyoosha mkono, namba nne,
nikamtukana mjusi na ukoo wake,
nikalala.
Nililala vizuri. Hilo nalo niliseme.

Walipita uani kwangu. Wanne.
Asubuhi nyayo zilikuwa kwenye vitunguu,
vidole vikielekea ukuta wa Kahindo,
ukuta wa mawe ya volkano, wenye meno, rahisi kupanda.
Walibeba cherehani mbili, gunia la maharagwe, sare ya mteja
iliyokuwa bado haina mikono.
Mumewe, Paluku, walimvunja ubavu kwa mpini wa panga.
Naye alikuwa amelisikia jicho langu, nilikuja kuambiwa.
Alisema, "Ni la Mama Sifa lile," akageukia ukutani.

Kahindo hakuniuliza kitu.
"Mvua ilikuwa kubwa," alisema mlangoni,
akanirudishia chungio langu aliloazima tangu Pasaka,
limeoshwa, limekaushwa,
kama mtu anayefunga hesabu.

Sasa jicho limevikwa soksi ile ile.
Chini ya kitanda kuna sufuria, na ndani yake mwiko.
Usiku jiwe linaanguka mahali fulani,
bati linalia mara moja, linaacha.
Nashika mwiko. Nainua.
Na kama ni paka?
Upande wa pili wa ukuta Paluku anakohoa,
akishikilia ubavu, nadhani, maana anakohoa kwa awamu,
na mkono wangu uko hewani bado,
vidole vinatafuta namba zao nne.